Mvueni Mtoto Sweta

Kalekye alimwogesha Mumbua asubuhi ile kama mtoto anayepelekwa mbele ya kanisa kuombewa. Alimsugua shingo kwa maji ya moto, akamtoa makamasi yaliyokauka puani, akampaka mafuta mpaka uso ukang'aa. Akamvalisha gauni ya Krismasi, ile ya njano yenye mkanda wa kufunga nyuma, akamvuta soksi ndefu hadi magotini, na juu ya yote akamvalisha sweta nene ya zambarau aliyofumiwa na nyanyake. Sweta ilikuwa na vifungo sita, kuanzia tumboni mpaka kidevuni. Kalekye alivifunga vyote sita.

"Sasa amependeza," alisema Kavindu, mama mkwe wake, akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Huyo daktari akimwona atajua ni mtoto wa watu."

Na hiyo ndiyo ilikuwa nia. Mumbua alikuwa na miaka miwili na miezi saba, na alikuwa anakohoa siku ya tatu. Kule Kilungu mwezi wa saba ukungu hushuka mpaka kwenye mabati, na kila nyumba ina mtoto anayekohoa. Lakini kukohoa kwa Mumbua kulikuwa kumebadilika. Kulikuwa na kitu kingine katikati ya kikohozi na kikohozi, pumzi fupi fupi kama za mbwa aliyekimbizwa, na Kalekye hakukipenda. Kwa hivyo alikuwa anampeleka dispensari, kwa daktari wa ndani ya tableti.

Alikuwa amesikia habari zake tangu Pasaka. Mradi unaitwa Daktari Mkononi. Unakaa mbele ya kioo, na daktari aliye mbali anakuona na kuongea na wewe. Kalekye alijua jambo moja kuhusu kuonekana na madaktari. Siku aliyojifungua Mumbua, alimsikia nasi wa zamu akimwambia mama wa kitanda cha pili mbele ya watu wote, "Hata kuoga mmeshindwa?" Yule mama alijifunika uso kwa leso. Kalekye akaapa moyoni kwamba mtoto wake hataletwa mbele ya daktari akiwa mchafu, hata siku moja.

Kwa hivyo alimpaka mafuta na kumfunga vifungo. Hilo lilikuwa kosa, na tunalisema hapa mwanzo ili asijitokeze mtu wa kulisema mwishoni kana kwamba ni siri ameivumbua. Lakini wako watu wanaolipwa mshahara ili mama akikosea wao wasikosee. Hasira ya hadithi hii inaanzia hapo.

Ilikuwa Jumanne, siku ya chanjo. Benchi zilikuwa zimejaa, na wengine walikuwa wamesimama nje chini ya mparachichi, wamefunika watoto kwa leso. Zamani dispensari ilikuwa na manasi wawili. Tableti ilipofika, mmoja alihamishwa, ati mashini imepunguza kazi. Akabaki Sista Syokau peke yake, mama mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye saa ya kiume mkononi na sauti ya kuita mbuzi. Alikuwa chumba cha chanjo, na watoto sitini wakimngoja mlangoni.

Chumba cha tableti kilikuwa cha Ben. Ben alikuwa muuza simu pale njia panda kabla mradi haujamwajiri, na hakuwa mtu mbaya. Alijua kila kitu kuhusu simu. Kuhusu watoto alijua kwamba hulia.

"Mama Mumbua, karibu. Kaa hapo kwa mwanga. Hapana, sogea kidogo, uso uko gizani." Alishika tableti kwa mikono miwili kama mpiga picha wa harusi. "Haya. Mumbua! Angalia hapa. Cheka! Cheka daktari akuone."

Mumbua alikiangalia kile kitu kinachong'aa, akasahau kukohoa. Akakaa wima kwenye magoti ya mamake, macho wazi, shavu linameremeta.

"Nimfungue sweta?" Kalekye aliuliza.

"Wacha, kuna baridi. Na amependeza hivyo."

Kwenye kioo akatokea mwanamke mwenye miwani na nywele fupi. Jina lake liliandikwa chini: Daktari Wariara. Picha ilikuwa inaganda na kuachilia, inaganda na kuachilia, na sauti ilifika ikiwa imechelewa nyuma ya midomo.

"Habari yako mama. Mtoto ana shida gani?"

Kwa Kikamba Kalekye angeeleza mpaka mtu ashike kifua chake mwenyewe. Kwa Kiswahili, mbele ya kioo, mbele ya Ben, alipata maneno mawili. "Anakohoa. Anahema."

"Anahema vipi?"

"Anahema tu."

"Ananyonya? Pole, ni mkubwa. Anakunywa uji?"

"Kidogo."

"Joto?"

Ben alisoma kipimo. "Thelathini na saba nukta nane, dokta." Asubuhi hiyo mtoto alikuwa amepewa dawa ya kushusha joto, lakini hakuna aliyeuliza, na Kalekye hakujua kwamba ni jambo la kusemwa.

"Sawa. Namwona ameketi vizuri, anang'aa. Ni homa ya baridi, mama. Mpe maji mengi, dawa ya joto asubuhi, mchana na jioni. Umrudishe baada ya siku tatu kama hajapona."

"Lakini daktari, hapa..." Kalekye aliweka kiganja juu ya sweta, pale katikati, lakini kioo kilikuwa tayari kimebadilika rangi. Ben alikuwa anabonyeza.

"Umeshaonekana, mama. Anayefuata!"

Zilikuwa dakika nne. Akitoka, Kalekye alipita mlango wa chanjo. Sista Syokau alikuwa ameshika paja la mtoto mchanga kwa vidole viwili na sindano kwa mkono mwingine.

"Umeonekana, Mama Mumbua?"

"Nimeonekana, Sista."

"Haya, vizuri," alisema Sista, na akadunga.

Kesho yake Mumbua alikataa uji. Alikataa na maji. Mchana alikataa hata kulia, na hilo ndilo lililomwinua Kavindu kutoka jikoni. Alileta mafuta ya kumkanda, akamketisha mjukuu mapajani karibu na moto, akafungua vifungo vya sweta aliyoifuma yeye mwenyewe, kimoja baada ya kingine, akainua na gauni.

"Asi! Kalekye. Kuja uone huku."

Kila Mumbua alipovuta pumzi, ngozi iliyo chini ya mbavu zake ilizama ndani, ikaacha shimo ambalo ungeweka kijiko. Kisha ikarudi. Kisha ikazama. Tumbo lilipanda kifua kikishuka, kama vitu viwili vinavyogombana.

"Huyu mtoto amekuwa hivi tangu lini?"

"Sijui, Mwaitu," alisema Kalekye, akimwita mama kwa Kikamba. "Alikuwa amevaa."

"Na huyo daktari aliona hii?"

Kalekye alimpigia simu mumewe, Nzau, ambaye alikuwa kwenye kibarua cha kumwagilia shamba kule Kiboko na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi.

"Si uliniambia jana ameonekana na daktari?" Nzau aliuliza.

"Ameonekana."

"Sasa ni nini tena?"

"Mbavu zinaingia ndani, Nzau."

Akasikia maji yakimiminika upande wa pili. "Mrudishe," alisema Nzau. "Na usitoke hapo mpaka mtu amshike. Amshike na mikono, umenisikia?"

Alimrudisha mbio, mtoto mgongoni amefungwa kwa leso, Kavindu akija nyuma kwa hatua zake. Njiani Kalekye alihisi ile pumzi kwenye uti wa mgongo wake, tu-tu-tu-tu, na aliogopa kusimama kwa sababu akisimama angeisikia vizuri zaidi.

Ben alikuwa dirishani, ameinua tableti juu ya kichwa, anatafuta netiwaki kwenye ukungu.

"Mama Mumbua tena? Si uliambiwa siku tatu?"

"Mtoto amezidiwa. Nataka barua ya hospitali kubwa."

"Barua hutoka kwa daktari. Daktari lazima amwone kwanza, anipe namba, ndio barua itoke. Na netiwaki ndiyo hii unaona." Aliishusha tableti, akabonyeza jina. Akakunja uso. "Na kuna kitu kingine. Kesi yake imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na mashini. Ilifungwa jana: homa ya baridi. Nikijaribu kufungua ingine kabla ya siku tatu inakataa. Ona. Nyekundu."

"Ben. Niangalie mimi, wacha nyekundu. Mtoto hawezi kupumua."

"Mama, usinipigie kelele, mimi sijaitengeneza hii kitu. Mimi nimewekwa tu kuishika. Nikikupa karatasi bila namba, kule chini watakurudisha na mimi nitapoteza kazi."

"Basi mwite Sista."

"Sista haruhusiwi kuandika barua siku hizi. Hata fomu za karatasi zilichukuliwa."

Hapo Kalekye alifanya kitu ambacho hakuwahi kufanya maishani mwake, yeye aliyelelewa kusema pole hata anapokanyagwa. Alikalia meza ya Ben. Alipanda juu na makalio yake yote, juu ya daftari la mahudhurio, na mtoto mgongoni, akapiga nduru. Hakusema neno. Alipiga nduru tu, ile ndefu, ya kuita kijiji.

Sista Syokau alitoka akiwa bado na pamba mkononi. Hakuuliza lolote. Alimfungua Mumbua kutoka kwa leso, akamlaza kwenye hiyo hiyo meza, akamvua sweta, akainua gauni mpaka kwapani. Kisha akaangalia saa yake ya kiume, na midomo yake ikawa inatembea bila sauti.

"Sista, mashini inasema..."

"Ben, funga mdomo. Nahesabu."

Dakika nzima. Kalekye hakujua dakika ni ndefu namna hiyo.

"Sitini na mbili," Sista alisema. "Haifai kupita arobaini. Na kifua kinazama. Hii ni nimonia kali, haina mambo ya siku tatu." Alikuwa tayari ameenda kabatini. Alirudi na sindano, akamdunga Mumbua paja kabla maneno hayajaisha. "Hapa sina oksijeni. Lazima mshuke barabarani sasa hivi. Ben, gari ya maparachichi imepita?"

"Iko hapo juu kwa mzani inapakia, lakini Sista, namba..."

"Kimbia uisimamishe. Au nikimbie mimi na mwili huu?"

Ben alimwangalia, akaweka tableti chini, akakimbia.

Fomu hazikuwepo, kwa hivyo Sista Syokau aliandika barua nyuma ya kadi ya chanjo ya Mumbua, kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: jina, umri, pumzi 62, kifua kinazama, hanywi, dawa aliyodungwa na saa. Chini akaweka jina lake lote na namba yake ya kazi. Akaipiga muhuri wa dispensari mara mbili.

"Wakikuuliza namba ya idhini," alimwambia Kalekye, akimfunga mtoto leso nyepesi tu, bila sweta, "waambie ni hii yangu. Waambie nimesema lawama nitabeba mimi."

Kule chini, kwenye hospitali kubwa ya kando ya barabara ya Mombasa, mtu wa dirishani aliigeuza ile kadi mara tatu akitafuta namba. Kalekye alimwambia maneno ya Sista. Mtu huyo akasema hiyo siyo taratibu. Mwenye pikapu ya maparachichi, mzee mmoja anaitwa Mbithi ambaye hakuwa na lazima ya kushuka garini, alipenya mbele, akaweka mkono wake mkubwa wenye utomvu kwenye kaunta, akasema, "Kijana, utaratibu utaufuata mtoto akiwa ndani." Mlango ukafunguliwa.

Walimwekea mrija puani. Chupa ya oksijeni ilikuwa ikitoa mapovu kama chungu kinachochemka polepole. Daktari wa wodi, kijana aliyechoka mpaka macho yameingia ndani, aliinama juu ya Mumbua kwa muda mrefu, kisha akainuka na kuuliza lile swali.

"Mama, mbona umechelewa hivi?"

"Sijachelewa. Jana alionekana na daktari."

"Daktari gani?"

"Wa tableti."

"Na hakuona hiki kifua?"

"Alikuwa amevaa sweta."

Mama wa kitanda cha jirani akacheka kidogo, kile kicheko cha puani. "Mtoto anapelekwa kwa daktari na sweta kama anaenda harusi," alisema kwa sauti ya kusikika. Kalekye aliinamisha kichwa. Alimwogesha mtoto ili asiaibishwe, na aibu ilimfuata mpaka kitandani.

Siku mbili hakuna aliyejua kama ataishi. Siku ya tatu Mumbua aliomba uji. Siku ya saba walirudi nyumbani, na Nzau aliyekuwa amekuja kutoka Kiboko alimbeba kutoka njia panda mpaka mlangoni bila kumpokeza mtu.

Wiki tatu baadaye Ben alifika nyumbani kwao. Alisimama uani, kofia mkononi.

"Mama Mumbua, Alhamisi kuna wageni. Wakubwa wa mradi. Wanakuja kuchukua maoni ya wahudumu kuhusu matibabu ya watoto kwa tableti. Wameomba na mama mmoja ambaye mtoto wake alipona. Nikawaambia wewe."

"Alipona na nini?"

Ben aliangalia kofia yake. "Kwa mashini imeandikwa alipona. Ilifunga kesi." Akaongeza haraka, "Wamesema umvalishe vizuri. Ile gauni ya njano."

"Na Sista?"

"Sista amepewa barua. Ajieleze kwa nini alituma mgonjwa bila idhini. Siku ya Alhamisi ndiyo watamsikiza pia." Akageuka kuondoka, akasimama. "Mimi nilikimbia, si uliniona? Gari niliisimamisha."

"Ulikimbia, Ben," Kalekye alisema. "Sijasahau."

Alhamisi ilipofika, alimwogesha Mumbua. Alimpaka mafuta. Alimvalisha gauni ya njano, soksi, na sweta ya zambarau, na akafunga vifungo vyote sita. Kavindu alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili.

"Tena?"

"Tena, Mwaitu. Wamemtaka hivi."

Mlangoni mwa dispensari alipewa karatasi ya kuweka sahihi. "Ni ya mahudhurio, na soda na mkate," alisema msichana aliyezishika. Kalekye aliweka sahihi. Mtu mwenye kamera akamwambia Mumbua acheke, na Mumbua, ambaye sasa alipenda watu wote, alicheka. Halafu Kalekye akaambiwa angojee nje mpaka aitwe, kwa sababu kilichokuwa kinaendelea ndani kilikuwa cha wataalamu.

Lakini dirisha la dispensari lilikuwa limevunjika kioo tangu mwaka jana, na wataalamu walisikika wote.

Mkubwa wa mradi aliitwa Evanson. Alikuwa na shati jeupe na fomu zenye vikatuni vitano vya nyuso, kutoka uso unaolia mpaka uso unaocheka. Mhudumu alitakiwa kuchagua uso. Tableti ilikuwa imeegemezwa kwenye mtungi wa maji, na ndani yake alikuwa Daktari Wariara.

"Sista Syokau," Evanson alisema, "naona kila mahali umeweka alama kwa uso unaolia."

"Nimekuwekea na sababu pembeni."

"Pembeni hakuna nafasi ya sababu."

"Basi nitakwambia kwa mdomo. Mimi sipingi hii kitu, bwana. Mwezi wa tano nilikuwa na mtoto mwenye madoa ya ngozi. Nimempaka dawa wiki mbili, haiponi. Daktari hapo kwa kioo akaangalia, akaniambia ni ugonjwa mwingine, na mtoto akapona. Nilishukuru mpaka nikaimba. Lakini madoa yanaonekana. Pumzi haionekani kwa picha inayokatika katika. Na mtoto aliyelegea utamjuaje kama hujauinua mkono wake ukauachilia? Niwekee nasi aliyechukuliwa. Nirudishie fomu zangu. Na mkono wangu ukisema huyu aende, mashini isiniambie hapana."

"Hayo ni malalamiko, Sista. Mimi nimekuja kuchukua maoni."

Mtu mmoja nje alicheka. Kalekye hakucheka.

"Na hata mimi nina kosa," Sista akaendelea, sauti imeshuka. "Yule mtoto alipita mlangoni kwangu. Nikamwuliza mamake kama ameonekana, akasema ndiyo, nikatosheka. Zamani singetosheka. Hiyo mashini imenifundisha kutosheka."

"Daktari Wariara, labda wewe..." Evanson alisema, kama anayetafuta pa kutokea.

"Mimi huona watoto sitini kwa siku," kioo kilisema. "Wa mlimani, wa Kitui, wa wapi na wapi. Nilikubali hii kazi kwa sababu wengi wao wasingeonana na daktari kabisa, na hilo bado ni kweli. Lakini chini ya picha kuna saa. Ikifika dakika nne ni kijani. Ikipita, ni nyekundu, na jina langu linaandikwa. Huyo mtoto simkumbuki. Nimejaribu kumkumbuka tangu mniambie, na siwezi. Kama hakuvuliwa, ni kwa sababu sikusema avuliwe."

"Sawa, sawa. Tumalize na upande mzuri. Mwite mama."

Kalekye aliingia na Mumbua mkononi. Evanson alisimama, akatabasamu kwa meno yote. "Huyu ndiye! Mrembo! Karibu mama. Tuambie kwa kifupi tu, Daktari Mkononi imekusaidiaje?"

Kalekye aliketi kwenye kiti cha mbele, kile kile. Akamweka Mumbua magotini, akamwelekeza kwenye tableti.

"Daktari, unamwona?"

"Namwona, mama."

"Anakaaje?"

Daktari Wariara alisita. "Anakaa vizuri. Anang'aa."

"Hivyo ndivyo alivyokuwa siku ile."

Akaanza kufungua. Kifungo cha kidevuni kwanza, halafu cha pili. Alikuwa hana haraka. Evanson akasema, "Mama, si lazima..." Cha tatu, cha nne. Akaivua sweta, akaitandika mezani juu ya zile fomu za nyuso. Akafungua mkanda, akapitisha gauni juu ya kichwa, na Mumbua akabaki na chupi na soksi, tumbo wazi, akishangaa.

"Sasa hesabu," Kalekye alisema.

"Mama, tuna vituo vingine viwili leo, muda..."

"Dakika moja. Siku ile mlikuwa nazo nne."

"Evanson, nyamaza," Daktari Wariara alisema. Akavua miwani, akaivaa tena, akasogea mpaka uso wake ukajaa kioo. "Nahesabu."

Sista Syokau naye aliinua mkono wenye saa. Nje kwenye benchi mama mmoja aliyekuwa anaongea alikatizwa na mwenzake. Tumbo la Mumbua lilipanda na kushuka, kupanda na kushuka, taratibu, na watu wazima wote mle ndani walikuwa wanaliangalia kama hawajawahi kuona mtoto akipumua. Ben alikuwa ameegemea ukuta, anaangalia viatu vyake, midomo inatembea.

"Mwaitu, baridi," Mumbua alisema.

"Najua. Vumilia kidogo."

"Ishirini na nane," alisema Daktari Wariara.

"Ishirini na nane," alisema Sista.

"Siku ile zilikuwa sitini na mbili," Kalekye alisema. "Zilikuwa hapa hapa, chini ya hii sweta. Mimi niliifunga kwa sababu sikujua. Nilisoma mpaka darasa la saba. Wewe daktari ulisoma mpaka wapi? Na wewe mwenye nyuso, ulisoma mpaka wapi?"

Evanson aliinua pindo la sweta kwa vidole viwili, akatafuta fomu yake chini. "Sasa hapa niandike nini?" aliuliza, na haikujulikana anamwuliza nani.

"Andika kwamba mtoto avuliwe," Kalekye alisema, akianza kumvalisha. "Na barua mliyomwandikia huyu Sista ifuteni. Ikiwa kuna mtu wa kujieleza hapa, siyo yeye."

Sista Syokau hakufutwa. Alipewa onyo la maandishi, ambalo amelikunja na kuliweka kwenye droo ya pamba. Nasi wa pili hajarudi. Fomu za karatasi zilirudi, kitabu kimoja, na inasemekana ni za muda tu. Saa iliyo chini ya kioo bado inageuka nyekundu ikipita dakika nne. Lakini Ben anasema siku hizi Daktari Wariara huwa nyekundu tangu asubuhi mpaka jioni, na neno lake la kwanza kwa kila mama ni moja: mfungue kifua.

Na mwezi wa tisa lilikuja bango. Lilibandikwa ukutani nje, juu ya benchi: Mumbua kwa gauni ya njano na sweta ya zambarau, vifungo vyote sita, anacheka, anang'aa. Chini yake: Daktari Mkononi, kila mtoto aonekane. Ile karatasi ya soda na mkate haikuwa ya mahudhurio, ilikuwa ruhusa ya picha.

Kalekye alisimama mbele yake kwa muda mrefu, watu wakimwangalia. Kisha akaingia ndani bila kubisha, akaichukua kalamu nyekundu mezani kwa Sista, akatoka, akapanda juu ya benchi. Kwenye sweta ya pichani, kutoka bega mpaka bega, akaandika kwa herufi zake za darasa la saba: MVUENI MTOTO SWETA. HESABUNI DAKIKA NZIMA.

Ben alitokea mlangoni na tableti. Alisoma bango mpaka mwisho. Akaangalia barabarani, akaangalia mbinguni, akarudi ndani.

Halijatolewa mpaka leo. Ukifika pale asubuhi ya baridi, kabla jina la kwanza halijaitwa, utawakuta akina mama wamekaa chini ya maandishi hayo, vidole shingoni mwa watoto wao, wanafungua vifungo.